Maswali na Majibu: Setilaiti katika Kazi za Umma

Toleo hili la safu ya maswali tumelitenga kwa jambo moja: matumizi ya picha za setilaiti, ramani za kompyuta na vifaa vya kupimia mahali katika kazi za serikali. Barua nyingi zimetoka kwa watumishi wa umma, na chache kwa wananchi ambao ramani hizo huwagusa. Baadhi tumezifupisha bila kubadili maana.

Idara yetu ya mipango miji imeletewa pendekezo la kununua picha za setilaiti kila mwezi kwa mkataba wa miaka mitatu. Muuzaji anasema bila picha zake hatutaweza kufuatilia ukuaji wa mji. Wenzangu wamegawanyika. Tuamue vipi?
*Ofisa mipango*

Ndugu ofisa mipango, kabla ya kutazama bei, andikeni uamuzi ambao picha hizo zitausaidia, cheo cha mtu atakayeufanya, na mara ngapi kwa mwaka uamuzi huo hufanyika. Ikiwa mpango wa mji hupitiwa mara moja kwa mwaka, basi picha nyingi mtakazonunua hazitafunguliwa na mtu yeyote.

Pili, tazameni kinachopatikana bure. Mpango wa Landsat wa Marekani umekuwa ukipiga picha za nchi kavu tangu Julai 1972, na tangu mwaka 2008 hifadhi yake yote hutolewa bila malipo. Kabla ya hapo picha moja ya Landsat 7 iliuzwa kwa dola 600. Setilaiti za Sentinel-2 za Umoja wa Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa Juni 2015, hupita juu ya eneo lilelile kila baada ya siku 5 setilaiti mbili zinapofanya kazi kwa pamoja, na picha zake pia hazilipiwi.

Kinachoamua kama picha za bure zinatosha ni ukubwa wa pikseli, yaani kile kipande kidogo kabisa cha picha. Pikseli ya Landsat ina upande wa mita 30, kwa hiyo hufunika mita za mraba 900 na kuzipa rangi moja. Ya Sentinel-2 ina upande wa mita 10. Kwa kiwango hicho mtaona mji unavyotanuka, shamba linavyogeuka kuwa makazi na barabara kuu mpya inavyokatwa, lakini hamtaweza kuhesabu nyumba wala kutambua ghorofa iliyoongezwa. Picha za kibiashara zenye pikseli ya sentimita 30 huonyesha hata gari lililoegeshwa. Kwa maoni yangu, idara nyingi zingefaidika zaidi kwa kutumia picha za bure kufuatilia mji mzima, na kununua picha za kina kwa mitaa michache tu ambako swali linadai hivyo.

Mkinunua, someni kipengele cha leseni kabla ya kusaini. Mikataba mingi humruhusu mnunuzi peke yake kutumia picha, na matokeo yake idara ya maji, ya ardhi na ya barabara za serikali ileile hulipia picha ya mahali pamoja mara tatu. Leseni inayoruhusu ofisi zote za umma kushirikiana ni jambo la kudai tangu kwenye zabuni.

Mvua kubwa zinaponyesha, picha tunazopata huwa zimefunikwa na mawingu. Je, kuna njia ya kuona mafuriko yenyewe? Na je, ramani hiyo inatosha kuamua nani apewe msaada?
*Mratibu wa maafa*

Njia ipo, nayo ni rada. Kamera za kawaida husubiri mwanga wa jua, lakini setilaiti ya rada hutuma mawimbi yake yenyewe na kupokea yanayorudi, hivyo usiku na mawingu si kizuizi kwake. Sentinel-1, ambayo ya kwanza ilirushwa Aprili 2014, hutumia mawimbi yenye urefu wa sentimita 5.5 hivi, na data zake ni za bure. Maji yaliyotulia huyatupa mawimbi hayo upande wa pili, kama kioo kinavyofanya kwa mwanga wa tochi iliyoelekezwa kwa mshazari, kwa hiyo setilaiti haipokei karibu chochote na maji huonekana meusi. Mchambuzi hulinganisha picha ya kabla ya mvua na ya baada yake, kisha huchora maeneo yaliyogeuka kuwa meusi.

Hata hivyo, kila mratibu anapaswa kujua mahali ambapo njia hii hukosea. Uwanja wa ndege na mchanga mkavu uliosawazika huonekana kama maji. Upepo ukivuruga uso wa maji, huacha kuonekana meusi. Kosa zito zaidi liko mijini na kwenye mimea mirefu: mawimbi hugonga maji, yakaruka hadi ukutani au kwenye shina la mti, kisha yakarudi kwenye setilaiti kwa nguvu, na mtaa uliozama ukaonekana wenye mng'ao, kinyume kabisa na mtazamaji anachotarajia. Maana yake ni kwamba mahali palipo na watu wengi ndipo ramani ya kawaida ya mafuriko inapokuwa dhaifu.

Lipo pia suala la muda. Setilaiti moja ya Sentinel-1 hurudia njia yake kila baada ya siku 12. Mto mkubwa unaofurika kwa wiki kadhaa utanaswa, lakini maji yanayopita mjini kwa saa chache kwa kawaida hayatanaswa. Kwa maafa makubwa, nchi inaweza kuomba msaada kupitia Mkataba wa Kimataifa wa Anga na Maafa Makubwa, ambao umefanya kazi tangu mwaka 2000 na ambao mashirika ya anga ya nchi nyingi hutumia kuelekeza setilaiti zao kwenye eneo lililoathirika na kutoa picha bila malipo. Ombi hilo hupitia ofisi zilizoidhinishwa tu, kwa hiyo hakikisha leo kwamba unaijua ofisi ya nchi yako na kwamba namba zake za simu zinapokelewa usiku.

Kuhusu msaada, jibu langu ni hapana. Ramani ya mafuriko inafaa kuamua boti zielekezwe wapi kwanza na wakaguzi waanzie mtaa upi. Haifai kumnyima mtu chakula au fidia kwa sababu nyumba yake imeangukia nje ya rangi ya buluu. Nasisitiza hili kwa sababu ramani safi iliyochapwa kwa rangi huwa na mamlaka mezani kuliko maneno ya mama aliyesimama ndani ya maji, na mara nyingi huyo mama ndiye mwenye taarifa sahihi.

Jambo la mwisho kwako ni mwinuko wa ardhi. Ofisi nyingi hutumia data za mwinuko zilizokusanywa na chombo cha anga Endeavour katika safari yake ya siku 11 mwezi Februari 2000. Ni hazina kwa kuelewa bonde zima la mto, lakini rada ile ilipima vilele vya miti na mapaa pamoja na ardhi, na makosa yake ni ya mita kadhaa. Usiitumie kubuni mfereji wa mtaani, ambako nusu mita ndiyo tofauti kati ya maji kwenda na kurudi.

Ramani yetu ya zamani ya mabomba na picha mpya ya setilaiti zinapishana kwa mamia ya mita. Ipi ina makosa?
*Fundi sanifu wa maji*

Huenda zote ni sahihi. Kila ramani hujengwa juu ya umbo la dunia lililokadiriwa na mahali ambapo vipimo vyake vinaanzia. Picha za setilaiti na simu hutumia msingi uitwao WGS 84, ilhali ramani nyingi za karatasi zilichorwa kwa misingi ya zamani; kwa ramani za Afrika Mashariki zilizotumia Arc 1960, kwa mfano, tofauti hufikia kama mita 300, hasa kuelekea kaskazini na kusini. Tafuta jina la msingi pembezoni mwa ramani, kisha iambie programu yako iubadilishe kwa kanuni. Usisogeze ramani kwa mkono hadi ionekane inalingana, kwa sababu atakayekuja baada yako hatajua ulichofanya.

Kama mpishano hauko sawa kila mahali, yaani ni mdogo kona moja na mkubwa kona nyingine, tatizo ni karatasi iliyonywea au iliyoskaniwa vibaya. Pima upya njia panda na madaraja ya zamani yanayoonekana kwenye ramani zote mbili. Na kumbuka kwamba simu ya mkononi, hata kwenye uwazi mzuri, hukosea kwa mita 5 hivi. Inatosha kukufikisha kwenye bomba, haitoshi kumwonyesha mchimbaji mahali pa kupiga sururu.

Sensa ya mwisho ni ya zamani, na vijiji vingine havimo kwenye orodha yetu ya chanjo. Nimesikia kwamba setilaiti zinaweza kuhesabu watu. Ni kweli?
*Ofisa wa afya ya jamii*

Setilaiti huonyesha mapaa, watu hukadiriwa. Programu huchora mzingo wa kila jengo kutoka kwenye picha za kina, timu hutembelea maeneo machache yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu na kuhesabu watu kaya kwa kaya, kisha uwiano uliopatikana hutumika kwa maeneo ambayo hayakutembelewa. Makadirio ya namna hii husaidia sana kwa wilaya nzima, kwa sababu makosa ya huku na kule hufidiana. Kwa kijiji kimoja yanaweza kuwa mbali na ukweli: ghala huhesabiwa kama nyumba, mahame huhesabiwa kama makazi, ghorofa nne huonekana kama paa moja, na wafugaji wanaohama hawaonekani kabisa ikiwa picha ilipigwa msimu wasiokuwepo.

Swali lako, hata hivyo, lina sehemu mbili, na ya pili ndiyo ambayo setilaiti huijibu vizuri zaidi: ni vijiji gani vipo lakini havimo kwenye orodha? Katika kampeni dhidi ya polio kaskazini mwa Nigeria, timu za chanjo zilikuwa zikitegemea ramani zilizochorwa kwa mkono, ambazo ziliacha vitongoji vingi nje. Picha za setilaiti zilitumika kutambua makazi hayo, majina yake yakakusanywa na watu waliofika huko, na wachanjaji wakabeba simu zilizorekodi njia walizopita. Msimamizi aliweza kuona kitongoji ambacho hakijafikiwa na kutuma timu irudi wakati kampeni bado inaendelea. Tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa huru dhidi ya virusi vya polio vya asili. Sifa hiyo ni ya wachanjaji kwanza, ambao baadhi yao waliuawa kazini, lakini ramani iliwaondolea mzigo wa kukisia waende wapi.

Kwa hiyo anza na orodha yako. Katika ofisi nyingi kijiji kimoja kimeandikwa kwa tahajia tatu, zahanati ina jina moja kwenye daftari la dawa na jingine kwenye daftari la mishahara, na hakuna hata moja lenye viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali kamili kwenye ramani. Mwaka 1854 daktari John Snow alipoonyesha kwenye ramani vifo vya kipindupindu vilivyozunguka pampu ya maji ya Broad Street mjini London, hakuwa na kifaa chochote cha angani. Alikuwa na kumbukumbu za vifo zenye anwani. Ukipata fedha kidogo, zitumie kwanza kukipa kila kijiji na kila kituo cha afya namba moja ya kudumu na viwianishi vilivyopimwa pale pale.

Nimepokea barua ya kodi inayosema picha ya angani imeonyesha jengo jipya kwenye kiwanja changu. Hilo "jengo" ni turubai ninalofunikia gari. Je, picha inaweza kutumika kunidai?
*Mlipakodi*

Kisheria jibu hutegemea nchi, lakini kwa misingi ya kazi yenyewe naweza kusema wazi: picha inatosha kuanzisha uchunguzi, haitoshi kuumaliza. Mwaka 2022 mamlaka ya kodi ya Ufaransa ilitangaza kwamba programu ya akili mnemba, iliyochambua picha zilizopigwa kwa ndege, imegundua mabwawa ya kuogelea zaidi ya 20,000 ambayo hayakuwa yametangazwa, na kodi ya ziada ya euro milioni 10 hivi. Ni mafanikio ya kweli, kwa sababu anayeficha mali humwachia jirani yake mzigo. Lakini programu hutambua umbo na rangi tu. Haijui kama kitu ni cha kudumu, kina msingi au kitaondolewa kesho, na haijui ni mali ya nani. Tena picha ikipigwa kwa mshazari, jengo refu huonekana limeinama, na paa lake linaweza kuonekana limeingia kiwanja cha pili ilhali kuta zake hazijavuka mpaka.

Andika barua ukiomba mambo matatu: tarehe ya picha, nakala yake yenye mpaka wa kiwanja uliochorwa juu yake, na jina la cheo cha mtumishi aliyehakiki kabla ya dai kutumwa. Ambatanisha picha yako mwenyewe ya turubai. Ikiwa hakuna binadamu aliyehakiki, hoja yako ina nguvu, na ofisi husika inapaswa kurekebisha utaratibu wake kwa ajili ya wengine pia.

Ningependa watumishi wa ardhi na kodi wanaosoma jibu hili watazame mfano wa Rwanda, ambako zaidi ya viwanja milioni 10 viliandikishwa katika kampeni iliyofanyika hasa kati ya 2009 na 2013. Picha za angani na za setilaiti zilichapwa kwenye karatasi na kupelekwa mashambani, mipaka ikachorwa juu yake wamiliki na majirani wakiwa wamesimama pale pale, na kukawa na kipindi cha kupinga na kusahihisha. Wenye ardhi waliiona picha kabla haijageuzwa kuwa hati, nawe ulipaswa kuiona yako kabla haijageuzwa kuwa deni.

Tumejenga mfumo wa ramani wenye skrini kubwa ukutani unaoonyesha ukataji wa miti kila wiki. Wageni huusifu. Baada ya miaka miwili, miti inakatwa vilevile. Tumekosea wapi?
*Mkuu wa kitengo cha data*

Ndugu mkuu, yawezekana kitengo chako hakijakosea chochote, kwa sababu pengo liko baada ya skrini. Hakuna nchi inayolionyesha hili kama Brazili. Taasisi yake ya utafiti wa anga, INPE, imekuwa ikipima ukataji wa msitu wa Amazon kwa setilaiti kila mwaka tangu 1988. Kwa miaka mingi vipimo hivyo vilikuwa taarifa za msiba uliokwisha kutokea: mwaka 2004 eneo lililokatwa lilifikia kilomita za mraba 27,772. Mwaka huohuo ukaanzishwa mfumo wa pili, DETER, wa kutoa tahadhari za haraka, na tahadhari hizo zikapelekwa kwa Ibama, wakala wa serikali wenye askari, magari na uwezo wa kutoza faini na kutwaa mashine. Pamoja na hatua nyingine, kama kutenga maeneo ya hifadhi na kuwanyima mikopo wakulima waliovunja sheria, ukataji ulishuka hadi kilomita za mraba 4,571 mwaka 2012.

Kisha tazama kilichofuata. Usimamizi wa sheria ulipolegea, ukataji ulipanda tena na kupita kilomita za mraba 13,000 mwaka 2021, setilaiti zikiwa zinaendelea kupiga picha na INPE ikiendelea kuchapisha takwimu. Serikali iliporudisha askari msituni, ulishuka hadi kama 6,300 mwaka 2024. Kwa miaka yote hiyo jicho la angani halikufumba, na tofauti yote ilitokana na kilichofanywa na watu waliopokea taarifa.

Chukua tahadhari moja ya wiki iliyopita kutoka kwenye skrini yako na uifuatilie kwa miguu. Nani aliipokea? Alikuwa na mamlaka ya kwenda, na mafuta ya gari? Alikuta nini, na alichokikuta kilirudi kwenu ili mjue kama programu ilikosea? Nadhani utagundua kwamba njia imekatika mahali pamoja panapoonekana, na kwamba kupaunganisha ni gharama ndogo kuliko skrini. Pengine itabidi mpunguze idadi ya tahadhari, kwa sababu kituo chenye gari moja kikipewa maeneo mia kwa wiki hakitajua kianzie wapi. Mkikipa matano yaliyochujwa kwa ukubwa na uhakika, kitakwenda.

Ramani ya ukame inaonyesha eneo letu ni la kijani, lakini mifugo inakufa. Inawezekanaje?
*Ofisa mifugo*

Inawezekana kabisa. Mimea hai hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mionzi ya infraredi. Tofauti ya mionzi hiyo miwili ikigawanywa kwa jumla yake hutoa namba kati ya -1 na 1, na namba hiyo ndiyo hupakwa rangi kwenye ramani yako. Inapima ukijani bila kujali kama ni majani ya kuliwa. Eneo lililovamiwa na mti wa mathenge hubaki la kijani hata malisho yakiwa yamekwisha, kwa sababu mizizi yake hufuata maji ya chini sana.

Linganisha ukijani wa mwezi huu na wa mwezi kama huu katika miaka iliyopita, kisha weka kando yake data za mvua za CHIRPS, ambazo huanzia mwaka 1981 na hupatikana bure kwa vipande vya kilomita 5 hivi. Ikiwa mvua ni chache na ukijani haujashuka, una sababu ya kuishuku ramani. Waombe wafugaji wakuonyeshe mahali vichaka vilipotawala, pima mipaka yake kwa simu, na uombe ofisi inayotengeneza ramani iyaondoe maeneo hayo kwenye hesabu kabla ya tathmini ya msimu ujao, hasa kama fidia ya bima ya mifugo hulipwa kwa kufuata namba hiyo.